Viatu vya Misa Siku ya Jumatano

"Mama Hamphrey, hivi mzee alikuwa anakwenda wapi na viatu vya Misa siku ya Jumatano?"

Ni mwaka sasa, Baba Hamphrey, tangu jirani yetu Kunigunda aniulize hivyo tukiwa bado tumekaa msibani. Ni mwaka tangu uanguke pale kituo cha magari Ruanda, mkono kifuani. Siku ile nilimwongezea chai tu. Leo nazungumza na wewe, na mwenye masikio asikie. Padre ameruhusu haya yasomwe baada ya Misa ya Jumapili, na binti yetu Ida ameyapeleka redioni, maana redio inafika mpaka ziwani.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukiamka kabla ya kengele ya kanisa, ukaenda kugeuza kahawa kwenye vichanja. Wingu likitanda upande wa ziwa ulikuwa unalisalimia kama mtu: "Karibuni wageni, ila subirini nje kwanza." Ndipo unafunika kahawa, taratibu, bila kukimbia. Watoto walikua wakidhani mvua inakuogopa.

Tunakukumbuka kwa banda lako la picha za video. Wenzako wenye mabanda walikuwa wanaonyesha picha, ikiisha wanafunga mlango. Wewe ikiisha ulikuwa unasimama mbele ya tivii, mkono kiunoni, unasema, "Jamani, tusidanganyane." Hapo ndipo watu walikuwa wanasogeza mabenchi.

Picha zinazosifiwa nchi nzima wewe hukuziogopa. Ile ya Kichina, steringi, yule shujaa wa picha, anafanya mazoezi mlimani miaka ishirini ili amlipizie mwalimu wake kisasi, uliiuliza swali moja tu: "Miaka yote hiyo, mahindi yake alikuwa anayapalilia nani?" Ile ya Kihindi, ndugu wawili waliopotezana utotoni wakatambuana kwa wimbo, ulisema, "Uongo. Sisi ukoo wa Ndomba tungetambuana kwa ubishi." Protasi, ambaye hakukosa benchi la mbele hata siku moja, akakudakia: "Mzee, kwa mdomo huo, hata steringi atakataa kukuzika!" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Lakini hukuwa mtu wa kuropoka. Ulikuwa na sheria yako na Ruanda nzima inaijua: picha huisemi mpaka umeiona mara tatu. Ya kwanza ni ya macho, ya pili ya masikio, ya tatu ndipo mdomo unaruhusiwa. Ile ya bondia uliichukia mwanzoni. Baada ya kuiona mara ya tatu ulisimama ukasema, "Nilimwonea. Huyu hapigani apate mkanda. Anapigana baba yake amtazame." Mimi nilikuwa nimekwambia hivyo tangu ya kwanza. Hukunisikia.

Sheria hiyo uliivunja mara moja, Baba Hamphrey. Uliivunja kwa mwanao.

Hamphrey, mzaliwa wetu wa kwanza, alipanda kutoka Ndumbi kule anakonunua dagaa, ana flashi mfukoni. Yeye na wenzake wa ziwani walikuwa wametengeneza picha yao wenyewe. Alikuamkia, "Shikamoo Baba," akakupa flashi kwa mikono miwili. Banda lilijaa, hata katekista alikuja. Ndani ya picha ile kuna mzee mmoja anageuza kahawa tangu asubuhi mpaka mvua inakuja. Kijana wake anapita, anasimama, anataka kusema neno, anaondoka. Basi, imekwisha. Hata kabla haijaisha watu walikuwa wameanza, "Bunduki iko wapi?" Protasi anapiga miluzi. Hamphrey amesimama mlangoni, hatazami picha, anakutazama wewe.

Ukasimama. "Jamani, tusidanganyane. Picha hii haina kitu. Mzee anageuza kahawa tangu mwanzo mpaka mwisho, steringi yuko wapi? Kama ni kahawa, si mngekuja kwangu mkaitazama bure?"

Banda zima likaangua kicheko. Hamphrey akasema, "Sawa, Baba." Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na flashi ameiacha kwenye deki. Simu zako hakuzipokea tena.

Alikuja kukuzika. Watu wakamwambia ulikuwa unawahi hospitali Mbinga, kwenye kliniki yako ya presha, naye akaamini. Hata mimi niliamini. Alitupa udongo akarudi Ndumbi kabla chai ya msibani haijapoa.

Ni Protasi aliyekuja nyumbani wakati wa kuchuma kahawa, amevua kofia, hataki kuketi. Siku uliyoanguka alikuwepo pale kituoni. "Mama," akaniambia, "mzee hakusimama upande wa magari ya Mbinga. Alisimama upande wa ziwani. Gari la Mbinga lilipunguza mwendo, konda akamwita, mzee akalipungia mkono liende." Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Mama, nilimtania. Nilimwambia, mzee, unakwenda kuvua samaki na viatu vya Misa? Akacheka." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini flashi ile ilikutwa mfukoni mwa shati lako. Ninayo, nimeifunga kwenye leso pamoja na rozari yako.

Tangu siku hiyo natafuta namna ya kumfikishia mtoto. Nikipiga simu anasema, "Mama, niko mwaloni, dagaa wanashushwa, nitakupigia." Hapigi. Maneno haya si ya kumtuma mtu baki, yakifika huko yatakuwa yamegeuka.

Na siku zimeniishia. Kwa ukoo wetu msalaba wa kaburi, mwaka ukitimia, anausimika mtoto wa kwanza. Asipoonekana, anausimika baba mdogo, na kiti cha baba, yaani ukuu wa nyumba, ndiyo kimeondoka kwa mtoto hivyo, wala wazee hawarudi kukizungumza. Misa yako ya mwaka ni Jumamosi. Msalaba umelala ndani ya banda lako la picha, nimeufunika kwa turubai la kahawa. Kila gari likipunguza mwendo barabarani nanyanyuka. Mara ni lori la makaa ya mawe, mara ni mtu anashusha mbolea. Ida ananiambia, "Mama, kaa chini, utaugua." Nakaa. Nasali rozari, nafika fumbo la tatu sijui kama la pili nimelisema. Natazama mawingu upande wa ziwa, naogopa mvua isije ikaharibu barabara. Mimi si kama wewe, sina la kuyaambia yakanisikia.

Kwa hiyo naomba unisaidie, wewe uliye karibu na Mungu kuliko mimi. Hili Hamphrey halijui, wala hakuna mwingine alijuaye.

Baada ya yeye kuondoka ulikaa siku nyingi hugusi flashi ile. Jumapili moja tumetoka kanisani ukaniita, "Walburga, acha vyombo, njoo ukae." Ukaiweka. Ukafumba macho, kama ulivyofanya mara ya pili kwa picha zote. Ilipofika pale mawingu yanapokuja, yule mzee wa kwenye picha akayatazama, akasema, "Karibuni wageni, ila subirini nje kwanza."

Siku ile banda lilipojaa, kelele na miluzi vilikuwa vimeyafunika maneno hayo. Ukafumbua macho. "Mama Hamphrey," ukasema, "huyu mzee ni nani?"

Nikasema, "Wewe unamwona ni nani?"

Ukainuka, ukatoka nje. Siku hiyo hukula, na kahawa uliigeuza mpaka giza likaingia.

Sitasema ulikuwa unakwenda kumsifu. Sisemi nisilolijua, na wewe hukuwa mtu wa kusifu hovyo. Huenda ungemwambia pale kwenye mvua ni parefu mno. Hata mimi naona ni parefu. Tunaitazama siku hizi na Ida kila Jumapili baada ya rozari, na zile nyingine zako pia. Ya Kichina bado siipendi. Ya bondia naipenda, na safari hii huna wa kunibishia. Hii ya Hamphrey siwezi kuisema, maana nikifika pale unaposalimia mawingu sioni mbele.

Wanaokukumbuka ni mwanao Hamphrey, nimeliweka jina lake mbele bila kumwuliza. Binti yako Ida. Mdogo wako Nicholaus, aliyeapa kwamba Jumamosi hatagusa msalaba mpaka gari la mwisho la kutoka ziwani lipite. Kunigunda, Protasi na benchi zima la mbele. Na mimi mkeo Walburga. Bwana akupe raha ya milele. Kukusahau hatutakusahau, maadamu tunapumua.

Na wewe Kunigunda, jibu la swali lako ni hili.

Jumatano ile aliitazama picha ya Hamphrey mara ya tatu. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Ilipokwisha, Baba Hamphrey, hukusimama na kuweka mkono kiunoni. Ulikaa, mkono kifuani, unaitazama tivii iliyozimika. Kisha ukachomoa flashi, ukaitia mfuko wa shati, ukaniuliza, "Viatu vyangu vya Misa viko wapi?"

Nikasema, "Chini ya kitanda. Leo Jumatano, unakwenda kusali wapi?"

Ukaviburuta, ukavifuta vumbi kwa kiganja, ukafunga kamba kimoja kimoja. Ukavaa kofia. Ulipofika kwangu pale mlangoni ukanishika bega, ukaruka ungo wa maharage, ukatoka, ukashika njia ya kituoni.