Mwanamke wa Valizi Moja

Kolwezi, Jumatatu asubuhi

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Nakusalimu kabla ya neno lolote, wewe na mama, na wote wanaokula kwenye sinia lako. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mpunga mmeuvuna salama, ama mvua imeulaza tena chini kama mwaka ule? Na mgongo wako? Najua hutasema. Wewe hata ukiwa umejifunga kitambaa kiunoni kwa maumivu, ukiulizwa unasema uko sawa.

Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Kazi ya kushona ovaroli kwa mzee Saidi bado ninayo. Lakini tangu nilipokataa kurudi nyumbani baada ya talaka, mimi na wewe hatujazungumza vizuri. Unanipigia siku ya Idi tu, na hata hapo unamaliza haraka. Ndiyo maana nimemwomba kaka Amisi, dereva wa mzee Saidi, akubebee karatasi hizi. Kwenye simu ungenikatiza, ama mtandao ungetukatiza wote wawili. Nina jambo la kukuomba, ila nataka ujue kwanza lilianzaje.

Ile nyumba niliyokaa na Hamisi tangu tulipofika huku nimeitoka. Hamisi alipoondoka na mke wake mpya nilibaki pale peke yangu, nikazoea. Kisha mwenye nyumba, Tata Ilunga (tata huku ni baba), akasikia kwamba jirani yake amepata madini mazuri chini ya jiko lake. Keshoye akaleta vijana wenye sururu, wakatundika bashi, turubai la bluu, katikati ya ua na kuanza kuchimba chini yake. Kwanza nilisikia nyundo uani. Baadaye nikaanza kuzisikia chini ya kitanda changu. Ukuta wa chumbani ukapasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, ufa wa kuingiza kidole.

Nilimwendea. Hakuwa na ukali, Yaya, alikuwa kama mtu mwenye homa. Akaniambia, na huku kila mwanamke huitwa mama kwa jina lake mwenyewe, "Mama Zaina, lupango ni yangu, na bintu biko chini ni byangu. Utafute fasi ingine mbele nyumba haiyakuangukia." Yaani kiwanja ni chake na vilivyo chini ni vyake, nihame kabla nyumba haijaniangukia.

Basi nikaanza kutafuta. Huku kuna watu ambao kazi yao ni kumzungusha mpangaji mtaa kwa mtaa, wanaitwa makomisionere. Wangu alikuwa Freddy, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, mwenye mdomo mwepesi. Tulizunguka naye hadi soli ya kiatu changu ikaachia. Nyumba zilikuwepo. Kila mlango walinikaribisha vizuri, wakanionyesha vyumba, robine ya maji, choo, kisha wakauliza swali lile lile: "Bwana yako eko wapi?"

Nikisema nimeachwa, nyuso zinafungwa. Mmoja alisema ana vijana wakubwa nyumbani, hataki matata. Mwingine alisema mwanamke wa peke yake huwa analeta wanaume, na mkewe akaitikia huku akinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Freddy akachoka nami. Siku moja njiani akasema, "Mama, tuseme mi njo bwana yako. Tunaingia pamoya, unapata funguo, mi naenda." Nilimwambia mimi kuigiza naigiza Jumapili tu.

Hapo ndipo penye habari nyingine ambayo sijui utaipokeaje. Nimeingia kwenye kikundi cha tiyatri, michezo ya kuigiza.

Usicheke. Walileta vitambaa kwa mzee Saidi tuwashonee nguo za mchezo. Kiongozi wao ni Tata Mulumba, mwalimu mstaafu ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Siku ya kupima nguo, mama aliyekuwa achukue nafasi ya mwenye nyumba hakuja, mumewe alikuwa amehamishiwa Lubumbashi. Tata Mulumba akanitazama nimepiga magoti nashikiza pindo, pini zimejaa mdomoni.

"Mama, soma hii kidogo."

"Tata, mi ni mushonaji."

"Na mwenye lupango pia anashonaka. Soma."

Nikasoma. Wakacheka mahali pa kuchekea, na nilipopaza sauti wakanyamaza. Yaya, ilikuwa miezi mingi sijasema neno likanyamazisha watu. Kiwandani mashine zinapiga kelele, kila mtu na kichwa chake chini. Nyumbani nilikuwa nikizungumza na sufuria. Basi Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Mchezo wenyewe unahusu mjane wa mchimbaji anayetafuta chumba cha kukaa na watoto wake, na mimi ndiye mama anayemfukuza. Hebu fikiria. Asubuhi nafukuzwa na watu wa kweli, jioni nafika kwenye darasa tunalofanyia mazoezi, vumbi hadi magotini, na mimi nafukuza. Wenzangu wanauliza, "Umepata?" Nasema bado. Wanafanya sala yao ya Kikristo, mimi nasema bismillahi yangu kimya kimya, tunaanza. Mazoezi yakiisha huyu anachukuliwa na mumewe kwa pikipiki, wale wawili wanaondoka wakibishana, na mimi nabaki nikikunja nguo polepole kuliko inavyohitajika.

Nyumba niliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya mjane mmoja, Mama Ngalula. Ni vyumba viwili vidogo kwenye ua wake, vina dirisha linalopata jua la asubuhi, na mti wa avoka, yaani parachichi, mlangoni. Alinipangusia kigoda kwa kitenge chake kabla sijakaa. Akaniuliza natoka wapi, nafanya kazi gani. Nikaona leo mambo yamekuwa sawa. Kisha akauliza vitu vyangu viko wapi. Nikasema sina vingi, Hamisi aliuza vingine na kuchukua vingine. Nina valizi moja, begi la nguo, na mashine ya kushonea.

Akasimama. "Aksanti kwa kupita, mama. Mwanamuke wa valizi moya, mi sipangishe."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema. Wa valizi moya, hapana."

Akafunga mlango. Kati ya wote walionikataa, huyo ndiye aliyeniumiza, kwa sababu ya kile kigoda alichokipangusa.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi ile kwenye mazoezi, badala ya kusema maneno yaliyoandikwa, nilimtazama yule mjane wa mchezo, nikakipangusa kigoda kwa kitenge, nikamkalisha, kisha nikamsimamisha na kumwambia kwa sauti ya Mama Ngalula, "Mwanamuke wa valizi moya, mi sipangishe!" Darasa zima likaangua kicheko. Tata Mulumba akapiga makofi akasema maneno hayo yabaki.

Tulicheza keshoye, Jumapili alasiri, huko Mutoshi, mtaa wa wachimbaji, kwenye uwanja ulio wazi karibu na soko. Tulitundika shuka mbili kati ya nguzo, watu wakaja na viti vyao kutoka majumbani. Wachimbaji walikuja na familia zao, wamenawa nyuso lakini shingo bado zina rangi ya udongo. Nilipofika kwenye kigoda na kusema yale maneno, uwanja ulilipuka. Kila nilipoingia tena walinitangulia wenyewe, wanawake kwa wanaume, "Wa valizi moya, hapana!" Nilisimama pale nikisikia watu wote wale wakiniitikia, na nakwambia ukweli, nilifurahi hadi nikasahau kwamba sina pa kulala wiki inayokuja.

Baada ya mchezo nilikuwa nyuma ya shuka nafungua kilemba. Nikaona mtu amesimama na kiti chake cha plastiki mkononi. Alikuwa Mama Ngalula. Alikuwa amekuja kumtembelea ndugu yake anayekaa pale Mutoshi.

"Ule mama mwenye kufukuza batu," akasema, "ni mi?"

Nikaachia kilemba. "Mama, unisamehe, mi..."

"Batu bote banacheka. Ndugu yangu anacheka mpaka machozi, hajue ni dada yake banacheka."

Nilitamani anitukane yaishe. Lakini aliweka kile kiti chini akakaa, akanionyesha nami nikae, na mimi nikakaa kwenye boksi la nguo. Wenzangu walikuwa wanapakia vitu kwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo. Akanisimulia bila kunitazama.

Kabla yangu alikuwa na mpangaji, mwanamke wa makamo yangu. Alifika na valizi moja. Alisema anaitwa Feza, anatoka upande wa mashariki, anauza vitenge. Alikuwa mtulivu, anafagia ua wote bila kuombwa. Akaugua ghafla, akakataa kupelekwa hospitali akisema itapita. Asubuhi Mama Ngalula akagonga, hakuitikiwa.

"Nilifungua ile valizi, mama. Manguo, kitana, mafuta ya kujipakaa. Sikuona jina ya mutu hata moya. Simu yake ilikuwa imefungwa na namba ya siri. Niliuliza ku soko, niliuliza ku bashofere ba makamyo makubwa, hakuna mwenye kujua kwabo. Tulingojea. Nani atakuya? Hakuna mwenye alikuya. Bamama ba kanisa balichanga mbao ya sanduku. Siku ya kumuzika, mi njo nililia kama mama yake, na sikumujua. Sijue hata kama alikuwa mu-Kristu ao mu-Islamu. Tulimuombea tu."

Akajipangusa uso kwa kile kitenge chake. "Batu banasema nakatala banamuke juu ya wanaume. Wanaume banifanye nini? Kila mara naona mutu anapita mu balabala anaangalia-angalia manyumba, nasema huyu ni ndugu yake, anakuya kuniuliza nilimuweka wapi."

Na wale watu bado walikuwa wanapita nje ya shuka wakicheka na kurudia ile sentensi.

Ndipo akanigeukia. "Na we ukikufa leo, nitaita nani?"

Nilimfikiria mzee Saidi, lakini yeye nusu ya mwaka yuko safarini. Nilimfikiria Hamisi, nikaona aibu kumfikiria. Tata Mulumba alikuwa amesikia, akasema kwa upole, "Mama, uandike jina yangu." Mama Ngalula akatikisa kichwa. "Aksanti, Tata. We utakuya ku kilio. Mi nataka mutu wa kujua huyu alizaliwa wapi."

Nikakumbuka maneno yako ya mwisho siku ile tuliyogombana kwa simu: "Kaa huko basi, wageni watakuzika." Najua ulisema kwa hasira. Nami nilikujibu vibaya. Lakini pale, mbele ya mama yule aliyemzika mgeni kwa mikono yake, maneno hayo yalikuwa na uso.

Nikasema, "Yaya yangu. Anaitwa Mwamini, anakaa Kasongo."

"Atakuya?"

"Atakuja."

Akanisogelea. "Hapo ni tiyatri ao ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Basi akanipa ile nyumba. Nilihamia katikati ya wiki. Tata Mulumba na wenzake walikuja na kamyoneti, ingawa mzigo ungetosha kwenye baiskeli. Walinipigilia shuka dirishani, wakala bukari, ugali wa huku, na samaki niliowapika, wakaimba, wakaondoka. Nikabaki na vyumba viwili. Sauti yangu inarudi kwangu nikikohoa. Kile kikundi ni watu wazuri, sikatai, ila wanapoondoka wanaenda kwao. Ukiniuliza kwa nini basi sirudi, nitakwambia hivi: nyumbani ningekuwa yule aliyeachwa, nikipita watu wanateta. Hapa nina kazi ya mikono yangu, na Jumapili nikisema neno watu wananiitikia. Upweke ninao. Ninauchagua, lakini sitaki unifuate hadi kaburini.

Kila asubuhi Mama Ngalula husimama uani kabla ya kuwasha makaa, anaita, "Mama Zaina, uko muzima?" Sharti niitikie. Siku moja nilichelewa, nilikuwa naswali, nikatoka nikamkuta ameshika mlango kwa mikono miwili, anausukuma.

Ombi langu ndilo hili. Nimempa nambari yako bila kukuuliza. Amesema atakupigia, anataka kusikia sauti yako mwenyewe. Swahili yake ni ya huku, utamwelewa tu. Sikumwambia tuligombana, wala sikumwambia ulichosema. Atakuuliza kama ukipata habari yangu utakuja. Usinihurumie, na usimdanganye, maana ameshamzika mmoja asiyemjua. Kama jibu ni hapana, nitamrudishia ufunguo mimi mwenyewe na hatasikia ubaya wako kutoka mdomoni mwangu. Kama ni ndiyo, mwambie pia jina la baba yetu, na kwamba tunazika kwa sanda, bila sanduku. Hilo sikuweza kumwambia.

Nisalimie mama, umshikie mikono yake kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, mwambie kofia yake nimeishona, Amisi anayo. Shangazi wa kule ng'ambo ya mto, yule anayeniombea kila alfajiri, mwambie asiache. Na wanao, kila mmoja kwa jina lake, hata yule niliyemwacha tumboni.

Amisi anapiga honi. Mungu akulinde mpaka nikuone kwa macho.

Ni mimi mdogo wako, Zaina, niko mzima.