Jumapili Ambayo Sikuja, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipotutoka ukiwa na vumbi la mbao nyweleni. Karakana yako ya fremu bado inanukia gundi.

Hukuwahi kumkatalia mtu. Mjane aliyeleta picha ya mumewe ikiwa imekunjwa mara nne, uliinyoosha siku nzima, ukaitilia kioo, kisha ukaenda kumtundikia mwenyewe ukutani kwake.

Kila mwisho wa mwezi ulifunga karakana ukatukusanya: Jumamosi ukumbini kusikiliza muziki, Jumapili kwenye maonyesho ya picha. Huko ulianza kwa kuchungulia nyuma ya fremu, mpaka walinzi wakakuzoea. Siku moja ulinyoosha picha iliyokaa upande, kumbe mchoraji aliitaka vile vile. Mama alijifanya hakujui. Kitinda mimba wako anacheka mpaka leo.

Sheria yako ilikuwa moja: muziki wa Jumamosi hausemwi mpaka Jumapili, tukishamaliza kutazama picha. Ulisema sikio lina pupa, liachwe lipoe.

Mwezi ule wa mwisho niliivunja. Tukiwa bado kwenye ngazi za ukumbi nilimponda mama aliyetuimbia Jumamosi ile, kwamba maneno yake hayana mizani, kwamba mimi ningeandika bora kwa mkono wa kushoto. Hukukasirika.

"Kesho, mshairi wangu," ulisema. "Kesho nitakwambia nilichosikia mimi."

Nilidhani unanikejeli. Kulipokucha nikajifungia chumbani. Ulinigongea mara mbili, kisha mkaondoka bila mimi. Jumanne moyo wako ukasimama.

Nimemwuliza Mama ulisikia nini. Anasema alikubembeleza umwambie, ukakataa. Ulikuwa umeniwekea mimi.

Juzi Jumamosi mwimbaji yule alirudi, nasi tukaenda. Mizani hana, Baba, hilo siliondoi. Lakini kwenye ubeti wa tatu, kabla ya kumtaja mama yake, alivuta pumzi, na ukumbi mzima ukavuta naye. Nilinyamaza hadi Jumapili. Tulipomaliza picha ya mwisho nikasema nilichosikia, kwa sauti, nimegeukia upande ulikozoea kusimama. Ndicho hicho, Baba?

Unakumbukwa na mkeo mpenzi. Binti yako muuguzi. Kitinda mimba wako. Wakwe, wajukuu na mafundi wenzako. Na mimi mwanao mkubwa, ambaye bado nangoja jibu.

Hutatutoka moyoni daima.