Ndege Ilifika Kabla ya Amina

Mpendwa Mama,

Nyambura, yule rafiki yangu rubani, amenipigia leo kunisalimia. Akauliza, "Unakumbuka Mama alivyokataa kushuka?" Nikacheka hadi nikalia.

Ulikuwa umenuniana na Tata, dada yako wa Nanyuki, tangu harusi yangu, aliposema mbele ya wageni kwamba chapati zako zinafaa kuezekea nyumba. Kila mara tulipokupakia garini ukapatane naye, ulifika Naro Moru, katikati ya njia, ukashuka kununua karoti, ukapanda gari la kurudi Nyeri. Tulikula karoti mwaka mzima.

Kisha Tata akaugua. Nyambura alikuwa anapeleka ndege ndogo Nanyuki kuchukua watalii, na viti vilikuwa wazi. Ukakubali, lakini kwa matayarisho ya mtu anayekwenda Ulaya. Ulibeba blanketi, chupa ya chai, kikapu cha chapati. Uliaga majirani wote. Mama Wairimu alilia.

Pale kiwanjani Nyaribo ulimuuliza Nyambura, "Hii ndege iko na choo?"

"Haina, Mama. Lakini hutahitaji."

"Wewe unajuaje?"

Tulipoacha ardhi ulinishika mkono kwa kucha, ukafumba macho, ukaanza kuomba. Uliwaombea rubani, injini, wajukuu, hata mbuzi. Mlima ulikuwa pale kulia, mweupe kileleni, nikakuambia utazame. Ukasema Mungu ameshauona. Ulikuwa bado unaombea kwaya ya kanisa, hujafika kwenye amina, magurudumu yalipogusa chini.

"Ni nini hiyo?" ukauliza.

"Tumefika, Mama."

"Tumefika wapi? Naro Moru iko wapi?"

"Tumeshaipita."

"Ati tumeipita? Na mimi sijaamua kama ninaenda!" Ukamgeukia Nyambura. "Zunguka kidogo, mama. Bado sijapanga maneno."

Nyambura alizima injini. Ukajifunga mkanda upya. Nikaanza kuogopa, kwa sababu nilikuwa nimemwona Tata kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, alikoletwa na wanawe, amekonda, shali imemzidi. Nawe ukamwona. Kisha ukafungua mkanda mwenyewe, ukashuka ukiacha viatu chini ya kiti.

Mlitazamana.

"Umezeeka," Tata akasema.

"Na wewe umekuwa fimbo. Hawa watu hawakupi chakula?"

Ukatoa chapati. Tata akamega, akatafuna, akatafuna tena. Mimi na Nyambura tuliacha kupumua.

"Bado ni ngumu," akasema, akanyoosha mkono kuomba nyingine. Mkaangukiana mkicheka, kisha hamkuwa mnacheka tena.

Nyambura alitaka kukurudisha jioni hiyo. Ukakataa. "Hiyo ndege ina haraka sana. Sisi hatujamaliza kuongea."

Nilikuja kukuchukua kwa gari, ukanirudisha na mboga. Nikaja tena, nikawakuta mmejifunika blanketi moja, mkibishana marehemu babu alikuwa anapenda nani zaidi. Ulikaa hadi Tata akapata nguvu za kukusindikiza mwenyewe.

Tangu ulipotuacha, Tata hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Husema anataka kunijulia hali, lakini najua anachotaka. Anataka mtu wa kubishana naye. Najitahidi, Mama, ila mimi huwa nashindwa mapema mno, naye hukata simu akiwa hajaridhika.

Pumzika salama. Huku tunakupenda kwa kelele.

Binti yako,
Wangeci