Si Sumaili Aliyeharibu Lango

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi nimetengeneza redio mbili, pasi moja. Mchana nikaitwa kwa Mama Zuhura, muuza mawese. Lango lake lile linalojifungua lenyewe, ambalo marehemu mume wake alilileta kutoka Lubumbashi zamani, lina telekomande mbili za kulifungua kwa mbali: ya kwake na ya Sumaili, sentineli anayelinda langoni. Ya Sumaili imekufa. Kitufe kimelika. Mwenyewe alidhani ni betri, akaianika juani juu ya bati tangu asubuhi, kama tunavyofanya sote na betri za redio. Nikamtania. Akacheka.

Nimeahidi kutafuta nyingine. Mama akawaambia watu waliokuwa barazani kwamba mji mzima wa Kasongo hakuna enjenia kama mimi. Uenjenia sijasoma. Jina nimelizoea.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata sokoni kwa mchuuzi aliyetoka Bukavu. Telekomande ya kunakili: unaigusanisha na nyingine, inachukua ujumbe wake. Nikaangalia namba ya mawimbi tu. 433, sawasawa na ya zamani. Nikaridhika. Sikuangalia zaidi.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijui niandike vipi.

Nilinakili kutoka ile ya Mama. Taa inawaka, lango limelala. Nikanakili tena. Vilevile. Mama na wageni wake walikuwa wamekaa kwenye viti wakinitazama, wametoka msikitini, kanzu nyeupe. Ningesema sijui. Neno lenyewe dogo. Sikulisema. Nikafungua kisanduku cha mota, nikaona kitufe kidogo ndani. Nikakibonyeza nikakishikilia, kama mtu anayejua anachofanya. Taa ikapepesa haraka haraka, ikazimika. Toka hapo hata telekomande ya Mama mwenyewe ikakataa.

Akauliza imekuwaje. Mdomo ukanitangulia. Nikasema betri iliyoanikwa juani ilipitisha joto mpaka kwenye mota, ikaunguza kumbukumbu ya lango.

Uongo mtupu. Betri iko ndani ya telekomande, mota iko ukutani, wapi na wapi. Lakini wote walimwona Sumaili akianika. Wakatikisa vichwa. Sumaili akaangalia mikono yake.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama amemfukuza Sumaili. Alikaa pale miaka kumi na moja. Ameenda Wamaza, kule Kabambare, ukweni, ndiko mke wake ana shamba.

Alipita mbele ya karakana yangu juu ya pikipiki, godoro limefungwa nyuma. Akanipungia mkono. Nikainama kwenye redio nikajifanya natafuta waya. Nimekuwa mtu wa hovyo.

Jumapili, 10 Novemba

Hakuna kazi. Sijala vizuri. Mke wangu anauliza nina nini. Malaria, nimesema. Sasa hata malaria nayo naisingizia.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempigia fundi mmoja wa Bukavu, mtu wa malango. Akaniambia nifungue telekomande ya zamani, ya Sumaili, nimsomee kila kilichoandikwa nyuma. Kumbe ziko za namna tatu. Kuna zile zenye vijiswichi ndani, unavipanga kama vya ile ya kwanza, basi. Kuna zinazotuma ujumbe uleule siku zote, na hizo ndizo zinazokubali kunakiliwa. Halafu kuna zinazobadilisha ujumbe kila ukibonyeza. Hizo hazinakiliki. Lazima upate ya kiwanda kilekile, aina ileile, mawimbi yaleyale, halafu uitambulishe kwa mota. Ya Mama Zuhura ni hiyo ya tatu. Namba ya mawimbi peke yake haitoshi.

Akauliza kama niligusa kile kitufe cha ndani. Nikasema ndiyo. Nilikishikilia? Ndiyo. Akacheka, si kwa ubaya. Ukikigusa kidogo, unatambulisha. Ukikishikilia, unafuta zote.

Nilikuwa peke yangu karakanani na bado niliona haya. Atanitumia inayofaa.

Jumanne, 19 Novemba

Haijafika. Lango linasukumwa kwa mkono, zito, watu wawili. Nikipita pale wananiambia pole na kazi. Wanamsema Sumaili. Eti mzee mzima anaanika betri kama mihogo. Juzi nilisikia, nikaitikia. Niliitikia.

Jumanne, 26 Novemba

Imefika na mfanyabiashara wa nguo. Nikagusa kile kitufe mara moja tu, nikabonyeza telekomande mara mbili. Lango likafunguka. Ile ya Mama nayo nikaitambulisha, ikakubali. Kazi ya dakika tano. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mama akaniandalia wali na kuku. Akasema, mbele ya wote, Sumaili angetuulia lango, Mungu katupa enjenia. Nikarudisha tonge sahanini.

Nikasema: "Mama, ni miye. Sumaili hakuharibu kitu. Nilishikwa na haya, nikamtupia yeye."

Hakugomba. Ningependa agombe. Alichukua kawa akafunika sahani yangu.

"Enda umuambie yeye. Na arudi kazini."

Nikatoka kwa lango nililolitengeneza. Hakuna aliyenisindikiza.

Alhamisi, 28 Novemba

Kabambare. Kutwa nzima kwenye pikipiki, matope mpaka magotini, tumeanguka mara mbili. Mwenye pikipiki aliuliza naenda kutengeneza nini huko. Nikamwambia aangalie njia.

Ijumaa, 29 Novemba

Wamaza. Nilimkuta Sumaili akipalilia mpunga. Alifurahi kuniona, hilo ndilo liliniumiza zaidi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akakaa chini, jembe mapajani.

"Kwa hiyo miye sikuharibu?"

Aliniamini. Siku zote hizi alidhani ni yeye. Amemkataza mke wake kuanika betri za redio, redio imekaa kimya. Sikufikiria hilo hata mara moja. Nilidhani ananichukia. Kumbe alikuwa anajichukia mwenyewe.

Nikamwambia Mama anamtaka. Akasema hiyo itangoja, palizi iishe. Shida yake ni mama mkwe. Wenye pikipiki walimletea habari kwamba mkwe wake amefukuzwa kwa kuharibu mali ya watu. Na mkwe mwanaume hasimami mbele ya mama mkwe akajitetea, huku hilo haliko. Wiki tatu anapita nyuma ya nyumba asikutane naye uso kwa uso.

Akasema mimi ndiye nikamwambie mama mkwe.

Jumamosi, 30 Novemba

Umande. Mke wa Sumaili alinipeleka kwa mama yake. Sumaili alibaki mbali, nyuma ya jiko, ameupa ukuta uso wake.

Mama mkwe ni mzee sana, masikio yamechoka. Alikuwa anapepeta mchele. Nikasalimia, nikapiga goti, nikainama karibu na sikio. Nikasema lango nililiharibu mimi, Sumaili hakuwa na kosa, nilisema uongo ili nisichekwe.

Akasimamisha ungo. Hakusikia vizuri. Akauliza ni nani aliyeharibu.

"Miye, mama."

Akauliza ni nani aliyesema uongo.

"Miye."

Aliniangalia kidogo. Halafu akamwambia binti yake amwite mume wake anywe uji, umeshaiva.