Gazeti la Wachina Nililoambiwa Nilitupe

Muhaisnah, Dubai

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Na kifua chako, baridi ya Kondoa haijakiamsha? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka. Barua hii anakuja nayo Saidi, tunayelala naye chumba kimoja. Nataka uyasikie haya kwangu kabla ya watu.

Unajua kampuni yetu ya usafi ilinipangia ofisi moja kule Al Garhoud. Ni ofisi ya gazeti la Kichina, vyumba viwili tu. Linatoka kila wiki, Wachina wa huku wanapata habari za kwao kwa lugha yao, wenye maduka na hata vibarua wa ujenzi. Mimi napiga deki, nachemsha chai, na gazeti likifika kutoka kiwanda cha uchapaji nafunga marobota. Mhariri alikuwa mama wa makamo, Madam Lin.

Mwezi uliopita alikuja kibarua mmoja wa Kichina, macho mekundu. Walizungumza sana. Alipoondoka nikamuuliza Madam kulikoni.

"Mdogo wake kaanguka kutoka ghorofani, kafa," akanijibu kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. "Kampuni yao ya ujenzi imewaambia wazazi wake kwamba aliugua. Anataka tuandike ukweli."

Madam akaandika. Kumbe kampuni hiyohiyo ndiyo yenye tangazo kubwa ukurasa wa mwisho! Magazeti yalipofika, mwenye gazeti akaingia anafoka. Sikuelewa neno, ila nilimwona Madam anachukua mkoba wake na kikombe chake, akatoka. Yule bwana akanigeukia: "Yote takataka. Yalla, upesi!"

Marobota yalikuwa kumi na mawili. Dada, nilitupa kumi na moja. Moja nikalitia kwenye mfuko mweusi, nikapanda nalo basi la kampuni yetu.

Wachina wanakaa jengo la tatu kutoka letu. Nilimkuta yule kibarua anafua. Nilipompa gazeti alilifungua kwa mikono yenye povu, akasoma kwa sauti. Wenzake wakatoka vyumbani mmoja mmoja, kila mtu akachukua lake. Hakulia. Aliweka kidole juu ya herufi tatu, akaniambia kwa Kiingereza, "Mdogo wangu." Kidole hakukiondoa.

Kesho yake msimamizi wetu akaniita. Kamera ya lifti ilikuwa imenionesha natoka kazini na ule mfuko. "Khalas," akasema, yaani kazi imekwisha, akachukua kitambulisho changu. Visa inafutwa. Wiki ijayo, inshallah, nitakuwa nyumbani, na mkataba sijafika hata nusu.

Najua nyumba ya mama bado haina bati. Najua ni wewe uliyebishana na wazee ili niondoke. Nimejiuliza kama lile robota la kumi na mbili nalo nilipaswa kulitupa. Siku nyingine najijibu ndiyo.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie shemeji, na shangazi anayekaa na mama, na mjomba fundi baiskeli. Wanao wabusu wote.

Madam Lin sijamwona tena. Wanasema ameshaondoka nchi hii. Sikupata hata nafasi ya kumwambia kwamba lilisomwa.

Ni mimi mdogo wako,
Ramadhani