Baba, Hayakuwa Mapepo

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijui kuanza kwa namna nyingine. Ni mimi, Tekla wako. Tangu matanga niko hapa Matiri. Liuli nimemwachia mume wangu nyumba na nyavu zake, maana Mama hakuweza kubaki peke yake na mdogo wangu Fredi. Kahawa yako imezaa. Kiti chako Mama amekifunika kitenge, na mgeni akikikalia, Mama anakohoa mpaka aondoke.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya hasira. Nilishuka kwenye gari na mfuko wa usipa mkavu, ule dagaa wa ziwani unaoupenda, nikakuta watu wamejaa uani. Kwenye simu waliniambia unaumwa tu. Usipa wako waliula waombolezaji.

Mengine nilisimuliwa vipande vipande. Kwamba Jumapili ulisimama mbele ya altare ukaapa kuacha pombe, kanisa zima likapiga makofi. Kwamba Mama Kapinga, mwenyekiti wa jumuiya, alimwaga komoni yote iliyokuwa nyumbani, wakakufungia chumbani usije ukashawishika. Kesho yake mikono ikaanza kutetemeka. Ukaona siafu ukutani, siafu ambao hawakuwapo. Kisha ukaanguka, ukakakamaa, povu mdomoni. Nao wakakuzunguka na rozari na maji ya baraka, wakikemea mapepo. Mama anasema uliita jina langu. Gari la hospitali halikuitwa. Nani angeita gari kwa ajili ya pepo?

Miaka yote uliyolewa hakuna aliyekuogopea. Ndivyo tunavyolima huku: ukiita watu waje kukuchimbia ngolo, yale mashimo yetu ya kupandia mlimani, chungu cha komoni kinatangulia shambani kabla ya majembe. Ulikuwa ukicheka, "Pombe haina miguu, binti yangu, mimi ndiye ninayeifuata." Siku ulipogeuka usiifuate, ndipo walipokuua. Nimeandika hivyo na sifuti. Walikupenda, wakakuua.

Sasa kuna jipya. Padre ametoa ukumbi wa parokia, kila Alhamisi watu wa pombe wanatibiwa pale. Anakuja tabibu kutoka mjini Mbinga, pamoja na sista muuguzi. Kabla hawajaanza, tabibu alisimama kanisani akasema mtu aliyekunywa miaka mingi hakatishwi ghafla nyumbani. Mwili unagoma, anaweza kukakamaa akafa. Anapewa dawa, anaangaliwa, na sala zinakwenda pamoja na dawa. Mimi nilikuwa namtazama Mama Kapinga tu. Alivuta kitenge akafunika uso. Sikumhurumia.

Shida ni Fredi. Mdogo wangu ameishika kata ya pombe pale pale ulipoiachia, na siku hizi anaanza asubuhi kabla ya uji. Nilipomwambia aende Alhamisi akanijibu, "Dada, kanisa lilimmaliza Baba, na mimi unanipeleka huko huko?" Nilimwambia tu kwamba tutakwenda wote, na wakimfungia mahali nitavunja mlango.

Alikubali. Lakini kumbe, kwa aibu yake, hakugusa pombe tangu jana yake, eti asiingie kwa Mungu akinuka. Mtoto wako huyo. Tukiwa kwenye benchi tunamsubiri tabibu, akaanza kutetemeka, mara akadondoka. Mama Kapinga, ambaye sasa ndiye anayewapikia wagonjwa uji pale, akaja mbio. Nilisimama nimzuie. Baba, hakukemea kitu. Alinipita, akapiga magoti, akakishika kichwa cha Fredi kisigonge sakafu, akapaza sauti, "Gari! Iteni gari!"

Njia nzima kwenda hospitali Mama Kapinga alilia. Tulikaa bega kwa bega, Fredi amelala mapajani kwetu. Sijamsamehe. Nilimpa khanga yangu ajifute, basi.

Fredi amerudi nyumbani. Anakunywa dawa, anakula, anakasirika ovyo. Sista ametuambia ukweli kwamba wengi hurudia, tusishangilie mapema. Na Jumamosi ni zamu yetu ya kuchimbiwa ngolo. Watu wameshauliza komoni iko wapi. Nimewaambia mwaka huu ni togwa, hakuna kilevi. Wamecheka, na wengine wamesema wazi hawaji. Mama ananinunia, anasema tutalala njaa kwa ubishi wangu.

Basi tukibaki wawili, mimi na Fredi, tutachimba wawili. Jembe lako nimempa yeye. Nakuahidi, Baba, chungu hakitatangulia tena shambani kwetu, hata shamba lirudi pori. Kama Fredi atashinda, sijui. Hilo siwezi kukuahidi.

Lala, mzee wangu. Akitetemeka tena, nitaita gari.

Tekla wako