Robe ya Mamzele wa Saa

Bukavu, Nguba
12 Novemba 2023

Mupendwa yaya Guylain, kaka yangu mukubwa,

Salamu nyingi toka nyumbani. Unaamukaje huko Canada? Bibi yako Aurore na mutoto wako wazima? Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Mvua inanyesha sana, lakini maharagi ya shamba yetu ya Nyantende imetoka muzuri.

Simu inatukatia kila mara, ndio maana nakuandikia. Noëlla wa jirani anasafiri kuja huko, atakuletea hii barua kwa mukono.

Tangu Maman alituacha, nyumba imepoa. Unakumbuka saa ya salon, yaya? Ile ya shaba iliyopakwa dhahabu, koko Akonkwa, babu yetu, aliachiwa na muzungu aliyemutumikia kwenye shamba ya kinini kule Nyangezi. Juu yake yule mungu-muke wa hadithi za zamani, na upinde na imbwa yake, kifua wazi, aibu hana! Sisi tulimwita Mamzele.

Siku padri alikuja kubariki nyumba, Maman alimufunika mbio na kitambaa cha sahani. Kesho yake akamushonea robe, kagauni kadogo ka kumufunika. Ee, tulicheka siku ile! Kuanzia hapo, kila Noeli Mamzele alipata robe mupya, ya vipande vilivyobaki kwa nguo zetu. Wewe ulilia eti yake inapita shati yako kwa uzuri. Zile Noeli ninazitamani sana. Saa ikigonga, Maman alikuwa anaita: "Mamzele amesema, mukuye kula!"

Sasa tonton Firmin, mudogo wa Papa, anataka tuiuze. Mununuzi wa vitu vya zamani alitoka Goma, akaizungukazunguka, akasema anaitaka, lakini bila robe. Tonton akanipa makasi.

Hapo ndipo niliitazama ile robe muzuri. Ni bleu. Ni pule yako ya masomo, yaya, ile sweta yako, ile uliacha kwenye musumari siku ya kusafiri. Mishono mikubwa mikubwa, macho ya Maman ilikuwa imechoka. Mélanie, mudogo wetu aliyemuchunga, ananiambia Noeli zote za mwisho Maman alikataa kuibadilisha. Alikuwa anasema: "Muache hivyo. Kule Guylain iko, baridi ni kali."

Nililia mbele ya yule mununuzi, bila haya. Tonton akasema atangojea neno lako, wewe mutoto wa kwanza.

Basi sema, yaya: iuzwe ao ibakie? Lakini ukisema iuzwe, kuya umuvue Mamzele wewe mwenyewe. Makasi iko pale kando yake. Mimi siwezi.

Mélanie na tonton wanakusalimia. Nipigie Aurore na mutoto busu. Mungu akufunike kwenye hiyo baridi, vile Maman alikufunika.

Wako akupendaye,
mudogo wako Pascaline